Ogopeni Vizuri

Sijawahi kumjua mtu mwoga kama Mwalimu, na waoga nimewajua wengi, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao. Aliogopa radi. Aliogopa ngazi, hata ile fupi ya kupandia tangi la maji. Aliogopa viti vya plastiki: kabla ya kuketi alikibonyeza kiti kwa mikono yote miwili, mguu huu na mguu ule, mwenye nyumba akimtazama na chai ikipoa. Bodaboda alipanda akilazimika tu, na kila penye mteremko alimwambia kijana asimame, akashuka, akateremka kwa miguu yake, akamkuta dereva chini anamngoja huku anacheka. Nauli alilipa yote bila maneno.

Mtu huyo ndiye aliyeingia mtoni wa kwanza kila Jumapili, kwa miaka mingi niliyovuka Athi kwenda kanisani.

Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mwalimu wa kanisa: alifundisha wanaongoja ubatizo, aliongoza ibada mchungaji asipofika, na alizika watu mchungaji akikwama Makindu kwa pancha au kwa malaria. Jina alikuwa nalo kama watu wote, lakini upande wetu wa mto halikutumika. Hata mkewe alimwita Mwalimu, na alimwita hivyo hivyo alipokuwa akimgombeza.

Mimi nashona nguo sokoni, na cherehani yangu inatazama njia ya mtoni, kwa hiyo nilimwona akipita kila siku, mrefu, mikono mikubwa, koti la kahawia lililopauka mabegani. Alitembea katikati ya njia, mbali na nyasi, kwa sababu ya nyoka. Tulimcheka. Sokoni kwetu watu wakikosa la kusema walimsema Mwalimu, na yeye alijua. Akipita mbele ya kibanda changu na kusikia kicheko, alisimama akanisalimu kwa taratibu yetu ya Kikamba ya mkubwa kwa mdogo, akiniita mwaitu, yaani mama.

"Wakya, mwaitu?"

"Aa, Mwalimu."

"Wananicheka?"

"Wanakucheka, Mwalimu."

"Sawa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wacha wacheke tu."

Watu walitafuta sababu ya woga wake. Walisema aliona mtu akiliwa na mamba akiwa mdogo, au alipigwa na radi akapona, au alirogwa. Siku moja nilimwuliza waziwazi, maana mimi mdomo wangu hauna mlango. Alikuwa ameleta suruali niitie kiraka. Alinitazama kama nimemwuliza kwa nini anakula.

"Lazima niumwe ndio niogope? Mimi naogopa bure. Mto ni mto."

Neno mamba hakulitamka kabisa. Alisema "mwenye mto". Ukilitamka mbele yake ukiwa ukingoni, alikunyamazisha kwa kidole, akasogea mbali na maji.

Ni lazima nieleze mto, la sivyo utamwona Mwalimu kama kichekesho. Sisi tuko upande wa Kitui. Ng'ambo ni Makueni. Miezi mingi ya mwaka Athi hapo kivukoni kwetu huwa chini ya goti, unavua viatu, unapandisha nguo, unavuka. Lakini chini kidogo ya kivuko kuna kidimbwi cheusi kisichokauka hata mwaka wa njaa, na humo ndimo anamokaa huyo mwenye mto na watu wa nyumbani kwake. Tena mvua ikinyesha mbali, huko juu Machakos na Nairobi, mto huja wakati kwetu jua linachoma na mbingu haina hata unyoya wa wingu. Huja kwa mara moja. Mbuzi wanaokunywa hawapati nafasi ya kuinua vichwa. Daraja la lami lipo, ndiyo, lakini ukienda kuzunguka barabara ya Kibwezi utafika kanisani watu wakiwa wamekwisha kula na kuosha vyombo.

Basi kwa nini tuvuke kwenda kuomba, na Mungu yuko pande zote? Hata mimi niliuliza.

Babu zetu walikuwa kanisa moja. Waligawanywa na ngoma. Wetu walitaka kumwimbia Mungu kwa ngoma. Wale waliokuja kuwa watu wa ng'ambo walisema ngoma ni ya kilumi, ile ngoma ya akina mama wazee ya kuita pepo na mvua, na haiwezi kuingia nyumba ya Bwana. Wakahamia ng'ambo, wakajenga nyuma ya kilima, wakaimba bila ngoma. Mama yangu aliwahi kuwasikia kwenye harusi moja, akasema wanaimba kama watu waliofunga tangu Jumatatu. Tulikaa hivyo, jirani wasiojuana, hadi vijana wakatuishia. Wakaenda Nairobi, wakaenda Mombasa, wengine Sultan Hamud kufungua vibanda barabarani. Kwetu walibaki akina mama wazee, na ukuta ulioliwa na mchwa mpaka mbuzi akawa anachungulia wakati wa mahubiri. Ng'ambo walikuwa na jengo la mawe na tangi la maji ya mvua, lakini mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu. Ofisi kuu ikatuma neno: unganeni muwe kanisa moja lenye mchungaji mmoja, au yote mawili yafungwe.

Mkutano ulifanyika mtoni, juu ya mchanga, kiangazi, maji yakiwa utepe mwembamba katikati. Ulifanyika hapo ili asiwepo wa kusema aliitwa kwa mwenzake kama mtoto. Watu wa ng'ambo walikaa upande wao wa utepe na sisi upande wetu. Ikasemwa kwamba ibada itakuwa kwenye jengo la mawe. Watu wetu wakanung'unika kidogo, wakakubali, maana mbuzi alikuwa ametuaibisha. Ndipo Mwalimu akasimama, akasafisha koo.

"Mimi nakataa. Sikatai watu. Nakataa hii maji."

Watu wakaanza kucheka, pande zote mbili. Nadhani hicho ndicho kitu cha kwanza tulichofanya pamoja.

"Chekeni. Lakini mnisikie. Siku mtu mmoja ataenda na maji akienda kanisa, hiyo siku kanisa moja imekufa. Hamtasema ni mto ilimchukua. Mtasema ni ng'ambo ilimwita."

Hapo kicheko kilipungua. Mimi nikamtazama mama yangu, maana alikuwa amekaa mbele kabisa, miguu yake mibaya ameinyoosha mchangani, na nilimjua: hata avushwe kwa machela, Jumapili hatakaa nyumbani. Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mwalimu alikuwa peke yake. Akaketi, halafu akasimama tena.

"Sasa nani atatangulia kwa maji?"

Wanaume wakatazama kucha zao.

"Basi nitatangulia mimi, kwa sababu nyinyi hamuogopi."

Ndivyo alivyokuwa. Alipinga jambo mpaka mwisho, na likishapita alilibeba kuliko waliolitaka. Mchungaji alisema huo ni unyenyekevu. Mkewe alisema ni kichwa ngumu.

Jumapili ya kwanza ya muungano karibu itumalize, na iliharibika kwa sababu ya heshima. Kengele zetu, kwetu na ng'ambo, zilikuwa rimu za lori zilizotundikwa mtini na kupigwa kwa nyundo. Ng'ambo waliona haya kwamba rimu yao iko nyuma ya kilima na hatutaisikia, wakaishusha mpaka ukingoni, wakaitundika kwenye mgunga, ili watuite vizuri kama wageni. Jambo moja hawakulijua, na sisi hatukulijua. Kwetu, rimu ikipigwa polepole, pigo na pumzi, pigo na pumzi, maana yake njooni ibadani. Ikipigwa bila pumzi, maana yake ni msiba, moto, au mtu amechukuliwa na mamba. Kwao ilikuwa kinyume chake. Polepole ilikuwa ya maiti. Bila pumzi ilikuwa ya furaha.

Na siku hiyo walikuwa na furaha sana.

Tulikuwa njiani, akina mama na vitenge vipya, sufuria za muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, vichwani kwa ajili ya karamu. Rimu ikaanza. Ilipigwa bila pumzi hata moja. Mtu nyuma yangu akapiga yowe, "Aiya! Amechukuliwa! Mtu amechukuliwa!" Sufuria zikaanguka. Wanaume wakarudi mbio kuchukua mapanga, wakatupita tena, na hakuna aliyekumbuka kivuko. Kila mtu aliingia mtoni pale alipoukuta, wengi wakiwa upande wa kidimbwi, kwa sababu tulidhani huko ndiko mtu anakookolewa. Watu wa ng'ambo walipoona kanisa zima linawajia na mapanga likipiga mayowe, walidhani tumebadilisha nia juu ya muungano. Wengine wakaokota mawe. Mama wa kengele, mjane mmoja mnene mwenye mikono ya kusukuma lori, akazidi kupiga ili watu wa nyuma ya kilima waje kusaidia.

Mama yangu alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani. Sikujua alifikaje pale na miguu ile. Nilimwita sikusikia sauti yangu.

Ndipo nikamwona Mwalimu. Hakuwa mbele yetu. Alikuwa ametuzunguka, amekwenda kusimama chini, kati ya watu na kidimbwi, mahali ambapo mtu mwenye akili hangekanyaga. Amenyoosha mikono kama anayezuia ng'ombe. Alikuwa analia. Nasema ukweli, machozi yalimtoka na meno yaligongana, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Rudini kwa mchanga! Polepole! Msipige maji! Rudini kwa mchanga!"

Alimshika mama yangu mkono akamsukuma juu kwangu, akarudi palepale akasimama. Alisimama mpaka mtu wa mwisho alipotoka, na rimu ikanyamaza, na kila upande ukaanza kuulizana kwa kupiga kelele nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Sufuria moja ya muthokoi ilielea ikaenda mpaka kidimbwini, ikazunguka, ikazama. Labda ilijaa maji tu. Hakuna aliyekwenda kuangalia.

Wiki iliyofuata tukakaa tena mchangani. Kila upande ulitetea kengele yake kana kwamba imeandikwa kwenye Biblia. Mama wa kengele alilia, akasema baba yake ndiye aliyemfundisha lile pigo la furaha. Mtu akaleta wazo la simu, lakini bondeni kwetu mtandao hushika juu ya kichuguu kimoja tu, na juu ya kichuguu hicho kuna nyuki. Mwalimu alingoja mpaka wote wachoke.

"Kengele mtu anaweza kusikia vibaya," alisema. "Kunyamaza hakuna mtu anaweza kusikia vibaya."

Tukakubaliana hivi. Jumapili asubuhi Mwalimu atatazama mto. Ukiwa mzuri, atainua kitambaa cheupe, kile kilichokuwa cha meza ya Bwana kwenye kanisa letu lililobomoka, na mama wa kengele akikiona atapiga polepole, kwa pumzi. Tukisikia, tunavuka. Tusiposikia, hatuvuki, na hatuulizi. Mama wa kengele alikubali kupiga kwa mwendo ambao kwake ulikuwa wa maiti. Alisema mwaka wa kwanza mgongo wake uliingia baridi kila alipoupiga.

Hapo ndipo Mwalimu akawa Mwalimu ninayemkumbuka zaidi. Kabla hatujaingia majini alitupanga, mkono kwa mkono, mwenye nguvu na mnyonge, mnyonge na mwenye nguvu, halafu badala ya kusema vukeni salama kama watu wengine, alisema, "Ogopeni vizuri." Aliamini kuna kuogopa vibaya na kuogopa vizuri. Kuogopa vibaya ni kukimbia, kupiga yowe, kumkaba jirani shingo. Kuogopa vizuri ni kutazama unapokanyaga, kunyamaza, na kutoachilia mkono. Somo lake la ubatizo lilikuwa hilohilo. Akifika kwa Petro aliyetembea juu ya maji akazama, wachungaji wote husema Petro alikosa imani. Mwalimu alisema Petro alichelewa kuogopa.

"Angeogopa akiwa kwa mashua. Mtu haogopi katikati."

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi. Kijana akijisifu ukingoni alimtoa kwenye mstari mbele ya watu wote, akamwambia, "Wewe ngoja hapo, shujaa," na akamwacha avuke wa mwisho kama mzigo. Alikuwa na wivu pia, nitafika huko.

Mto aliusoma kwa vitu vya aibu. Alitazama chupa za plastiki. Alisema maji ya juu yakianza kuja hutanguliza takataka za jiji, na chupa zikizidi, na povu likibadilika, na ukisikia harufu ya sabuni na choo, mto uko njiani. Basi alichuchumaa hapo asubuhi nzima, pua mbele, anatazama taka za watu wa Nairobi. Na mara nyingi, kusema kweli mara nyingi mno, hakuinua kitambaa.

Fikiria sisi. Tumeoga, tumepaka mafuta, mama ameamka kabla ya jogoo kunyoosha kitenge. Jua kali, maji chini ya kifundo cha mguu. Tunasimama tunangoja rimu. Hakuna. Tunarudi nyumbani, na jioni mto uko vilevile, mtoto angeweza kuuruka. Mara ya kwanza tulinyamaza. Baadaye tukaanza kusema. Ng'ambo walisema zaidi: hawa wa Kitui hawakuwahi kutaka kuungana, wanajificha nyuma ya mwoga wao. Hatimaye Jumapili moja kitambaa kiko chini, Mwalimu amechuchumaa, na rimu ya ng'ambo ikalia. Walipiga bila kitambaa, na walipiga mwendo wao wa zamani, bila pumzi.

Nilimwona Mwalimu akisimama. Nilidhani atapiga kelele. Alishika tu kile kitambaa kwa mikono miwili akakikaza kifuani. Nusu ya watu wetu walivuka wakimpita, wengine wakimcheka usoni. Mama yangu alitaka kwenda. Nilimshika mkono nikakataa, akanikasirikia, tukabaki ukingoni mimi na yeye na Mwalimu na wazee wachache, tunawatazama wenzetu wanavyokauka miguu ng'ambo. Hakuna kilichokuja. Mto ulikaa kimya kama paka.

Basi wakamnyang'anya kazi. Kikao kilisema Mwalimu amezeeka na anavunja kanisa, na kitambaa apewe mpiga gitaa wa kwaya, kijana aliyekuwa na bodaboda na miwani ya jua, yule aliyecheka kuliko wote. Na Mwalimu alinuna kama mtoto. Kitambaa alikificha, ilibidi mchungaji aende nyumbani kwake kukiomba, na alikitoa chini ya godoro kimekunjwa vizuri. Kwa muda hakunisalimu hata mimi. Alipita sokoni akitazama mbele, na nyoka wangeweza kummeza.

Mpiga gitaa aliinua kitambaa Jumapili ya kwanza, akakiinua ya pili, kwa madaha, akikizungusha kama kwenye harusi. Jumapili nyingine nilimwona akichelewa kukiinua. Iliyofuata akachelewa zaidi. Halafu ikaja siku moja ya jua, mto chini, watu wote nyuma yake na mama yangu mbele yao na fimbo yake, na yule kijana akawa amesimama na kitambaa mkononi na mkono haupandi. Miwani alikuwa amevua. Mtu akamwambia, "Inua basi!" Akageuka akatutazama, mmoja mmoja, na nilijua amewaona watu kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi hiyo. Akakikunja kitambaa, akaondoka mbio kwenda kwa Mwalimu, na mimi nikamfuata kwa sababu, kama nilivyosema, mdomo wangu hauna mlango na miguu yangu vilevile.

Mwalimu alikuwa uani kwake, anapukuchua mahindi. Hakuinuka.

"Mwalimu, naogopa," kijana alisema.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Chupa kidogo tu. Naogopa bure."

Mwalimu aliendelea kupukuchua. Nilidhani atamlipiza, na kwa jinsi ninavyomjua, nusu yake ilitaka. Mdomo ulimcheza. Mwishowe akasogea kwenye benchi lake akampa nafasi.

"Keti. Bonyeza kwanza, hiyo mguu ya huko ni mbaya."

Tangu siku hiyo walikuwa wanachuchumaa wawili ukingoni, Mwalimu na mpiga gitaa, na kitambaa kikawa kinakaa shingoni kwa kijana. Kama walikuwa wanafundishana au wanatishana, sijui. Watu waliendelea kunung'unika. Lakini hakuna aliyechukuliwa, na kanisa moja likawa linatambaa mbele, Jumapili kwa Jumapili, hata ngoma ikaingia kwenye jengo la mawe mlango wa nyuma, wakati wa sadaka tu.

Halafu masikio ya Mwalimu yakafa. Yalianza kufa upande mmoja, kisha mwingine, na magoti nayo yakamwisha, akawa mtu wa kitandani. Nyumba yake iko juu ya njia ya kivuko. Mlangoni pake unaona mto wote. Kitanda ni cha chuma, kimesukumwa karibu na mlango. Na hapo woga mpya ulimpata, na huo haukuchekesha. Kwa mtu asiyesikia, kila Jumapili rimu hainyamazi kwa sababu ya mto tu; inanyamaza siku zote. Aliamka akiuliza, "Imelia?" Mkewe akimwambia imelia, hakuamini. Alisema wanamficha. Alisema mtu amekwenda na maji, kanisa limekufa, na wao wanamficha. Alilia kama alivyolia mtoni. Mkewe ndiye aliyegundua dawa: rimu ikianza kulia, anakichukua kiganja cha Mwalimu anakiweka kwenye chuma cha kitanda, halafu anagonga chuma kwa mwiko, pigo na pumzi, pigo na pumzi, kwa mwendo uleule wa ng'ambo. Mwalimu akiusikia mkononi, anatulia, anasema, "Ogopeni vizuri," kwa mlango ulio wazi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa ametangulia mtoni na fimbo yake, mimi nikapita kwa Mwalimu na uji kwa sababu mkewe alikuwa na homa. Nilimkuta macho yako wazi, yananitazama mdomoni.

"Imelia?"

Haikuwa imelia. Saa ya rimu ilikuwa imepita, na nilikuwa nimeitegea sikio njia nzima. Nilitazama nje. Mto ulikuwa chini kabisa, unang'aa, mchanga mweupe pande zote. Watu wetu walikuwa wamejaa ukingoni. Mpiga gitaa alikuwa mbele yao, ametugeuzia mgongo, kitambaa kiko shingoni. Nikaogopa, na sikuogopa maji. Nilikumbuka ile siku rimu ilipolia bila kitambaa. Nilijua mama hatanisubiri nimshike mkono safari hii. Nilijua rimu ya ng'ambo ikianza kulia kwa hasira, tutakatika vipande viwili, na huyu mzee atakufa akiwa amesema kweli.

"Imelia?" akauliza tena.

Nilimhurumia. Nilichukua mwiko, nikaweka kiganja chake kwenye chuma, nikainua mkono nigonge. Akanishika kifundo cha mkono. Bado alikuwa na nguvu.

"Mwaitu. Usinipigie yenye haiko."

Nikaweka mwiko chini. Nikamwinamia sikio lile lililobaki na uhai kidogo, nikapiga kelele. "Haijalia, Mwalimu! Kijana hajainua!"

"Watu wako wapi?"

"Wako huku! Wamesimama!"

"Mama yako?"

Nilimtafuta. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, fimbo magotini, kama mtu aliyekuja kuuza kitu sokoni na hana haraka. "Ameketi!"

Nilijua atakalouliza, na nilikuwa ninalikimbia.

"Na ng'ambo? Wanapiga?"

Nikasimama mlangoni nikakinga jua kwa mkono. Chini ya mgunga, ng'ambo, walikuwa wengi, vilemba vyeupe vya akina mama vimepangana. Mama wa kengele alikuwa karibu na rimu, nyundo mkononi. Mkono ulikuwa umeshuka ubavuni. Anamtazama kijana wetu. Wote walikuwa wanamtazama kijana wetu, na hakuna aliyesogea, na mto ulikuwa chini ya kifundo cha mguu, na hakuna sababu yoyote duniani ya kungoja isipokuwa kwamba mtu mmoja upande wetu ameogopa.

"Hawapigi!" nilimwambia. Hakunisikia. Nikapiga kelele tena, sauti ikakatika kwa kilio, bado hakunisikia. Alinitazama tu, macho yamejaa.

Basi nikachukua kiganja chake, nikakilaza kwenye chuma cha kitanda, na changu juu yake. Sikugonga. Tukakaa hivyo. Chuma kilikuwa baridi na hakikusema kitu, na kiliendelea kutosema kitu, na baada ya muda nikaona uso wake unafunguka.

"Hata wao?" alisema.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi ni kanisa moja," akasema, akafumba macho, mkono hakuuondoa.

Watu huniuliza kama maji yalikuja siku ile. Mwalimu hakuuliza.